Agosti Haikuwamo Kwenye Karatasi

Kwa miaka ishirini na miwili nililipwa mshahara kwa kazi ya kuwafundisha watu kupanga matumizi ya nyumba zao. Katika miaka saba ya kwanza, nyumba yangu mwenyewe haikuwa na mpango wowote. Nawaambia hili mapema, vijana, kwa sababu mkimtembelea mke wangu mtalisikia tu, na yeye hulisimulia vizuri kuliko mimi, tena akiiga sauti yangu.

Nilikuwa afisa wa elimu katika chama kimoja cha ushirika cha akiba na mikopo pale Kitale. Cheo kilikuwa kirefu kuliko kazi. Asubuhi ninapakia karatasi na chaki kwenye gari la ofisi, tunakwenda Saboti au kwingineko, ninasimama mbele ya wakulima na walimu na kuwaambia pesa zao ziende wapi. Nilikuwa na shahada ya uchumi kutoka chuo kikuu, na tasnifu kuhusu matumizi ya kaya za vijijini. Wahadhiri watatu waliipa alama nzuri. Nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyejua sukari ya nyumbani kwake huisha tarehe ngapi.

Juzi mmoja wenu, aliyepata kazi mwaka huu, aliniuliza, "Mzee, mtu anaanzia wapi? Mshahara yangu inaingia tu kama mtu aliyepotea njia, inasalimia, inaenda." Nilimwahidi jibu. Hili hapa, ingawa litazunguka kidogo, maana hata mimi lilinifikia kwa kuzunguka.

Kwanza niwaeleze karatasi yangu. Niliibuni mwenyewe, mwaka wangu wa pili kazini. Ilikuwa na safu kumi na mbili, Januari mpaka Desemba. Juu kabisa niliandika Mapato. Chini yake zikafuata chakula, kodi, nauli, karo, mavazi na matibabu, na mwisho kabisa mstari mmoja ulioitwa Dharura. Chochote kilichokosa pa kukaa kilitupwa humo. Ofisi iliichapisha kwenye karatasi nzito ya manjano, mabunda kwa mabunda, nami nikawa ninaibeba kama baba anavyombeba mtoto wa kwanza, nikimwonyesha kila mtu, hata asiyeuliza.

Semina ya kwanza ya karatasi hiyo ilifanyika Saboti, ndani ya kanisa. Mkulima mmoja aliyevaa gambuti aliinua mkono.

"Mwalimu, hapa umeandika mapato ya Machi. Mahindi yangu inalipa mshahara tarehe ngapi?"

Watu wakacheka. Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba achukue pesa za mavuno, azigawe kwa kumi na mbili, kisha kila mwezi atumie fungu lake.

"Sawa. Na hiyo fungu ya Machi, mpaka Machi ifike, inakaa wapi?"

"Benki."

"Gunia zikae benki?"

Kicheko kikazidi. Hapo mkewe, aliyekuwa benchi la nyuma, akasimama bila kuinua mkono. "Mwalimu, usimsikize huyu, anapenda kuongea. Sisi ya kwetu iko kwa magunia. Ya kula nachora mkaa mstari moja. Ya karo, mistari mbili. Ya mbolea, msalaba. Hiyo ya msalaba mtu akiigusa, mimi na yeye tunapelekana kwa chifu."

"Hata mimi," mumewe akasema. "Nilishapelekwa."

Sasa fikirini. Mama huyu alikuwa na bajeti iliyokuwa ikifanya kazi, yenye ulinzi na mahakama yake, na aliiandika kwa mkaa. Mimi nilirudi ofisini nikaandika kwenye ripoti: "Wakulima wa Saboti wanahitaji mafunzo zaidi."

Wa pili kunisomesha alikuwa Mama Zuhura. Huyu alikuwa akiuza mahamri na chai ya tangawizi kwenye kibanda karibu na msikiti, Kitale mjini, na nusu ya maafisa wa mji ule walianzia siku yao hapo. Alikuwa mwanachama wetu. Nilimpelekea karatasi ya manjano kama zawadi. Alipangusa mikono, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akaigeuza kuona kama kuna kingine nyuma.

"Mwalimu, Idi iko wapi hapa?"

"Weka tu kwenye Dharura, mama."

Aliweka chini chujio la chai. "Dharura? Idi ni dharura? Yaani mwezi ukiandama mimi nishtuke, niseme haiya, kumbe kuna Idi?"

Mteja mmoja alipaliwa na chai.

"Dharura ni moto, mwalimu. Dharura ni mtoto kumeza sarafu. Idi naijua tangu nizaliwe. Inasogea, kila mwaka inakuja mapema kidogo, lakini haipotei."

Kisha akanionyesha makopo yake chini ya meza. Moja la unga na mafuta, moja la kodi ya kibanda, na moja lililofungwa kitambaa cha kijani. Hilo ndilo la Idi. Kila Ijumaa, akishatoa gharama za wiki, hutia humo kidogo, awe ameuza vizuri au vibaya. Akaniambia mwaka wake hauanzi Januari. Huanza siku ambayo kopo hilo liko tupu, watoto wameshavaa nguo mpya, na hakuna mtu anayemdai.

Nilicheka, nikamshukuru, nikanywa chai yangu. Karatasi sikuibadilisha. Zilikuwa zimeshachapishwa.

Sasa niwaeleze yangu.

Mimi ni mtu wa Matulo, karibu na Webuye. Kwetu, katika jamii yangu ya Bungoma, vijana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mwingine hapana. Hakuna asiyejua. Ukimwamsha mtu wa kwetu usingizini ukamuuliza Agosti ijayo ni ya tohara au la, atakujibu kabla hajafumbua macho. Na mjomba, ndugu ya mama, ana sehemu yake isiyokwepeka. Kijana huenda kwa kina mjomba akicheza njuga na watu wakiimba nyuma yake, mjomba humchinjia, na kipande cha nyama ile huvishwa kijana shingoni arudi nacho kwa baba yake. Akirudi shingo tupu, aliyeaibika si kijana. Ni mama yake.

Dada yangu Nanjala ameolewa Myanga. Agosti moja tulikuwa kwenye sherehe ya jirani yake, na mshereheshaji akaniona. "Tuko na msomi wa Kitale hapa! Afisa! Hebu asalimie watu." Nikapewa kipaza sauti. Vijana, kama kuna kitu nimewahi kukiogopa tangu siku ile ni kipaza sauti kilichowashwa. Nilisalimia. Watu wakaitikia kwa nguvu. Nikaona mtoto wa Nanjala amesimama mbele, mikono nyuma, na nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Na huyu kijana wetu, zamu yake ikifika, mimi mjomba wake nitamchinjia fahali. Mimi peke yangu!"

Walishangilia mpaka kuku wakakimbia. Nikaketi, nikaletewa kinywaji, nikasahau.

Mwezi wa Juni, karibu miaka miwili baadaye, Nanjala alinipigia simu.

"Kaka, kijana ameshaanza kutafuta njuga. Si unakumbuka?"

"Nakumbuka," nikasema, kwa sauti ya mtu asiyekumbuka.

"Watu wa huku bado wanaongea juu ya ile fahali yako. Kuna wenye wanasema itakuwa nyeusi, wengine wanasema nyekundu. Wamebishana hadi kwa posho mill, kwa foleni ya kusaga unga."

Nilikwenda mnada wa ng'ombe kuuliza bei. Fahali wa heshima, elfu kumi na nane. Wa elfu kumi alikuwepo pia, lakini mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama barabarani. Mfukoni nilikuwa na elfu mbili na mia tatu, na mwezi ulikuwa bado una siku kumi na moja.

Kulikuwa na mahali pamoja tu penye pesa. Mke wangu, Nekesa, ni muuguzi. Wakati ule alikuwa na cheti tu, akifanya kazi katika kituo cha afya nje ya mji, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea stashahada katika chuo kimoja huko Bungoma. Karo ya kuanzia ilikuwa elfu arobaini, ilipwe wiki ya kwanza ya Septemba. Asiyelipa, nafasi yake hupewa mwingine. Alikuwa ameziweka pesa hizo kwa miaka mitatu, za zamu za ziada, za kuku, za sukumawiki. Zilikuwa katika chama chetu, kwenye akaunti ya majina mawili ambayo yeyote kati yetu aliweza kutoa. Utaratibu huo niliupendekeza mimi. Niliueleza kuwa wa kisasa.

Nilichukua fomu ya kutoa pesa nikaijaza. Kiasi: elfu kumi na nane. Palikuwa na mstari wa sababu. Nilifikiri kidogo, kisha nikaandika: Dharura.

Fomu hiyo nilitembea nayo siku tano kwenye mfuko wa ndani wa koti. Sikuipeleka kaunta. Nilijiambia nitazirudisha Oktoba, na kila nilipojiuliza nitazirudisha kutoka wapi, nilikumbuka kazi nyingine ya kufanya.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mezani nikiandaa somo la wiki, Nekesa akikunja nguo kwenye kochi.

"Unafundisha nini safari hii?"

"Dharura."

"Nisomee."

Nikasoma: "Dharura ni gharama ambayo mwenye nyumba hakuweza kuijua mapema."

Akakunja shati, akachukua lingine. "Na ile fahali?"

"Fahali gani?"

"Baba Mercy." Aliliweka chini lile shati la binti yetu. "Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Mama yako mdogo alinishika mkono akaniuliza, huyu bwana yako leo amekula nini? Tangu hiyo siku nimehesabu. Hii ni mwezi wa ishirini na mbili."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Si wewe ndio mwalimu wa bajeti? Nikasema nisifundishe mtu kazi yake."

Nilitoa fomu kwenye koti nikampa. Sijui kwa nini. Nadhani nilichoka kuibeba. Aliisoma toka juu hadi chini kama anavyosoma kadi ya mgonjwa. Alipofika kwenye sababu alicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Akaketi.

"Ukitoa hii, chuo imeenda. Wale hawangojangi mtu."

"Nitarudisha Oktoba."

"Na nini?"

Nikaanza kuchonga penseli.

"Nimekuuliza, na nini? Lete hizo karatasi zako. Lete kalamu. Tuandike, leo leo."

Nilileta karatasi ya manjano. Aliitazama, akaigeuza, akaandika kwenye upande usio na kitu. Hiyo ndiyo bajeti ya kwanza ya nyumba yetu: iko nyuma ya bajeti yangu, kwa mwandiko wa muuguzi.

Hakuanza na mapato. Aliniuliza mwezi uliopita nilitumia nini, si nilichokusudia, nilichotumia. Mambo yalikuwa mabaya. Chai ya hoteli saa nne. Gazeti, ilhali ofisini lilikuwepo. Ahadi za harambee mbili kwa watu ambao majina yao sikuyajua vizuri. Soda za watu walioniita msomi. Na palibaki elfu moja na mia nane ambazo sote wawili hatukuweza kueleza zilikokwenda. "Hizi zimemezwa," akasema, akaziandikia mstari wao: Zilizomezwa.

Kisha akazunguka mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, akiuliza swali moja tu: "Huyu mwezi, nani anabisha hodi?" Januari, karo. Machi, mbolea na mbegu za shamba la Matulo. Aprili, Pasaka na nauli za kwenda nyumbani. Agosti, akaandika neno tohara, akalipigia mstari chini mara mbili, akanitazama. Desemba tuliiachia nafasi kubwa. Ilituchukua hadi saa saba mchana, na chakula kiliungua, na hakuna aliyelalamika.

Nataka muelewe kwamba karatasi haikutupa fahali. Tulipomaliza, elfu kumi na nane zilikuwa bado hazipo. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua hazipo wapi. Kabla ya hapo hofu yangu haikuwa na ukubwa, ilijaa nyumba nzima. Sasa ilikuwa kitu cha elfu kumi na nane, cha mwezi wa Agosti, na unaweza kukizunguka ukakitazama.

"Chuo sigusi," Nekesa akasema. "Mkopo hatuchukui. Imebaki mdomo. Ulitoa fahali na mdomo, irudishe na mdomo. Nenda kwa Wafula."

Wafula ni ndugu yangu mdogo. Yeye ndiye aliyebaki Matulo kulima wakati ng'ombe wa baba walipouzwa mmoja mmoja ili mimi nisome uchumi. Kumwendea yeye kumwambia sina kulikuwa kugumu kuliko kumwendea meneja yeyote.

Nilimkuta kwenye miwa, akipalilia. Niliongea muda mrefu, nikianzia mbali, kwenye hali ya uchumi wa nchi. Aliegemea jembe akanisikiliza.

"Kwa hivyo hauna," akasema.

"Sina."

"Hata ya miguu ya nyuma?"

"Hata ya mkia."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitupa jembe begani akatembea kuelekea nyuma ya nyumba yake, nikamfuata. Pale kwenye kigingi alikuwa amefungwa fahali wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe usoni, mnene, ametulia.

"Huyu," Wafula akasema, "nilimtenga akiwa ndama, wakati kijana ya Nanjala alikuwa darasa la nne. Nikasema huyu ni wa mjomba Wafula kwa mtoto ya dada yake. Simfungi jembe, simuuzi. Halafu wewe ukashika kipaza sauti. Ati 'mimi peke yangu.' Peke yako! Na mimi nimesimama pale pale, nimebeba sahani za watu."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ungenisikia aje? Wewe ndio ulikuwa na kipaza sauti."

Fahali akanitazama kana kwamba naye alikuwepo siku ile.

"Nilikuwa nimpeleke soko wiki ijayo," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nilisema basi, kama nimekatazwa mtoto ya dada yangu, ninunue mabati."

"Usimpeleke."

"Simpeleki. Lakini wewe utaleta sukari na mchele. Na utasema mbele ya watu hii ng'ombe ni ya nani."

"Nitasema."

"Na kipaza sauti."

"Na kipaza sauti."

"Basi karibu chai, mkubwa. Unakaa mtu ameshinda njaa."

Nikaketi pale pale chini. Mahali penyewe palikuwa karibu na kigingi cha fahali, na suruali ile haikuvaliwa tena ofisini. Lakini sijawahi kuketi mahali pakanipumzisha hivyo.

Sukari na mchele viligharimu elfu tatu na kitu. Zilitoka kwenye chai ya saa nne, gazeti na zile zilizomezwa, kwa mwezi mmoja na nusu. Nilishangaa sana. Nekesa hakushangaa.

Agosti kijana alikuja Matulo na njuga zake, vumbi hadi magotini, wimbo ukimsukuma. Wafula alichinja, na wazee wakamvisha kijana nyama ya kwa mjomba. Niliomba kipaza sauti mwenyewe. Nikasema, "Fahali huyu ni wa Wafula. Alimlea miaka minne. Mimi nimeleta sukari." Kisha ajuza mmoja kutoka Myanga akasema kwa sauti, "Ati miaka yote hiyo ya kusoma, sukari?" na uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, na Nanjala akaja akanishika bega akicheka huku analia. Mpaka leo kuna watu Myanga wananiita Mjomba Sukari. Ni jina jepesi kubeba kuliko fomu ile.

Wiki iliyofuata nilimpelekea meneja wangu pendekezo la karatasi mpya. Alisema za zamani hazijaisha. Hivyo kwa miaka minne iliyofuata nilifundisha watu kutumia upande wa nyuma. Nilikuwa ninaingia ukumbini, ninasema, "Pokeeni karatasi. Igeuzeni." Saboti walinielewa mara moja. Mama Zuhura alisema alijua tangu mwanzo kwamba upande ule ndio mzuri.

Baadaye pesa zilianza kusafiri kwa simu, kisha kompyuta zikaja, kisha nikaambiwa kwa heshima kwamba ninaweza kustaafu mapema. Ninyi mmezaliwa pesa zikiwa namba kwenye kioo. Sisi mfuko ulipopungua tuliusikia ukipungua. Ninyi hamsikii kitu, na kwenu zilizomezwa huenda ni nyingi kuliko zangu. Kwa hiyo yule aliyeniuliza aanzie wapi, na aanzie hapo: mwezi mmoja asibadilishe chochote, aandike tu kila kinachotoka, hata cha aibu. Hasa cha aibu. Kisha azunguke mwaka wake, si wa karatasi, wake, na aulize kila mwezi nani anabisha hodi. Aandike na ahadi alizotoa akiwa amefurahi. Na kama anaishi na mtu, waandike wawili, mchana, wakiwa wameshiba. Sisi tuliandika na njaa na ikafaa, lakini sipendekezi.

Wiki ya kwanza ya Septemba nilimsindikiza Nekesa chuoni. Foleni ya dirisha la karo ilikuwa ndefu. Alizihesabu noti arobaini mara mbili kabla ya kufika, na karani akazihesabu mara ya tatu, akagonga mhuri, akampa risiti. Nekesa alilisoma jina lake hapo dirishani mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

Tulitoka nje. Hakwenda mbali, aliketi kwenye ngazi za jengo, akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu. Kisha akafungua mkoba akanipa bahasha.

"Soma."

Ilikuwa barua kwa mkuu wa chuo, kwa mwandiko wake ule wa kadi za wagonjwa. Alikuwa akiomba aruhusiwe kuiacha nafasi yake mwaka huu, na kama haitapatikana tena, basi anashukuru kwa kufikiriwa. Sababu, aliandika, ni mambo ya familia. Tarehe ilikuwa ya Juni, wiki ile ile aliyopiga simu Nanjala.

"Uliandika hata kabla sijachukua fomu?"

"Nilijua huna. Na nilijua huwezi sema huna."

"Ungeipeleka?"

"Ningeipeleka." Alitazama watu wa foleni. "Ningefanya aje? Ni mtoto ya Nanjala. Arudi kwao shingo tupu?"

Niliisoma tena barua, kuanzia juu.

Aliichukua ile barua mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akapangusia vumbi la viatu, cha kulia kisha cha kushoto, kwa utaratibu. Akavivaa. Akasimama.

"Nina kiu," akasema. "Uko na pesa ya soda?"

Nilikuwa nayo. Tulikuwa tumeiandika: soda mbili, siku ya chuo.